Nani Anaunga Mfupa? Fundi, POP na Vyuma katika Mizani ya Urambo

Mtu akivunjika mguu Urambo, ubishi huanza kabla hajapakiwa hata kwenye gari. Mjomba anataka apelekwe hospitali ya wilaya akapigwe picha. Shangazi anamjua fundi wa mifupa aliyemponya mtoto wa jirani kwa banzi na mafuta, bila kulala wodini hata usiku mmoja. Kijana wa bodaboda aliyesimama pembeni anatia lake: rafiki yake alifungwa POP, yaani plasta ngumu, miezi mitatu, ilipofunguliwa mguu ukawa umesinyaa na umepinda, ikabidi arudishwe Tabora kuwekewa vyuma. Na vyuma navyo vina maneno yake: vinashika baridi, vinaoza mwilini, aliyewekewa hawezi tena kubeba robota la tumbaku.

Kinachofanya ubishi huu usiishe ni kwamba kila mmoja ana ushahidi. Fundi kweli ameponya watu. POP kweli imeacha miguu iliyopinda. Vyuma kweli vimeleta usaha. Lakini wote wanabishania nani anaunga mfupa, na swali hilo lina jibu lisilompendelea yeyote kati yao: mfupa hujiunga wenyewe. Wanachoshindania hasa fundi, daktari wa POP na daktari wa upasuaji ni jambo jingine, nalo ndilo linaloamua kama mtu atarudi shambani kwa miguu yake au kwa magongo. Ni namna ya kuvilinda vyote vilivyoshikana na mfupa huo wakati mwili unafanya kazi yake.

Mfupa hauko peke yake

Wengi tunaujua mfupa wa buchani, mweupe, mgumu, umechunwa nyama. Mfupa ulio hai si huo. Umevikwa utando mwembamba wenye damu nyingi na neva nyingi, na utando huo ndio unaotoa sehemu kubwa ya maumivu ya kuvunjika na sehemu kubwa ya mfupa mpya wa kuunga. Ndani kuna uboho, nao una mishipa yake ya damu. Kano zinazofunga msuli kwenye mfupa hazikubandikwa juu ya utando: nyuzi zake hupenya na kuzama ndani ya mfupa wenyewe. Ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa ni hivyohivyo. Mahali mifupa miwili inapokutana kwenye kiungo, ncha zake zimefunikwa gegedu laini lisilo na mshipa wa damu hata mmoja. Hulishwa na ute wa kiungo tu, na ndiyo maana gegedu likipasuka haliponi likarudi kama mwanzo, ilhali mfupa unaweza.

Kwa hiyo mfupa ukivunjika, vilivyoshikana nao haviachi kazi. Misuli inaendelea kuvuta. Paja likivunjika, misuli yake mikubwa huvuta kipande cha chini kukipandisha juu, na mguu ukaonekana mfupi papo hapo. Damu nayo humwagikia ndani. Paja lililovunjika bila tone kuonekana nje linaweza kumeza lita moja hadi moja na nusu, na mtu mzima ana kama lita tano tu. Majeruhi anayesafirishwa pikipiki, mguu ukining'inia, anaweza kufika akiwa na hali mbaya kwa sababu ya damu hiyo isiyoonekana.

Mkono wa juu una mtego wa aina nyingine. Neva inayonyanyua kiganja inapita nyuma ya mfupa huo ikiuzunguka, imeukaribia mno. Katika kila watu 100 waliovunjika katikati ya mfupa huu, kama 12 hukuta kiganja kimelegea, kinaning'inia, hakinyanyuki. Hapo ndipo lawama zinapopotea njia. Aliyekwenda kwa fundi husema fundi alimkanda vibaya. Aliyefungwa POP husema POP ilibana. Mara nyingi neva iliumia dakika ileile ya ajali, na kwa takriban 7 kati ya 10 hupona yenyewe baada ya miezi kadhaa, bila kisu. Lakini huwezi kujua iliumia lini kama hakuna aliyemwambia mgonjwa anyanyue kiganja kabla ya kumgusa. Uchunguzi huo hauhitaji mashine wala hela.

Halafu kuna muundi, mfupa unaowasumbua watu wa pikipiki kuliko mwingine. Upande wa mbele umelala chini ya ngozi moja kwa moja. Papasa mguu wako utausikia wote, hakuna msuli katikati. Pigo dogo linachana ngozi, na mfupa ukaguswa na vumbi la barabarani. Theluthi yake ya chini, karibu na kifundo, haina misuli ya kuilisha na damu yake ni haba. Muundi huchelewa kuunga mikononi mwa yeyote, awe fundi au profesa.

Kazi inavyoendelea ndani

Mfupa ukivunjika, damu iliyovuja huganda kuzunguka pengo. Siku chache baadaye mishipa midogo mipya huingia humo, na chembehai za utando na uboho huanza kujenga tishu laini. Wiki ya pili hadi ya tatu tishu hiyo inageuka gegedu, na gegedu taratibu linageuka mfupa. Uvimbe mgumu unaousikia ukipapasa mahali hapo ndio tishu hiyo inayogeuka mfupa. Baada ya hapo mwili huchonga: unaondoa pasipobeba uzito, unaongeza panapobeba, kazi inayoweza kuchukua miaka. Kanuni hiyo ya mfupa kufuata mzigo iliandikwa na daktari Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892, na bado inasimama. Kwa mtu mzima, mkono wa juu huhitaji kama wiki 8 hadi 12, muundi wiki 16 hadi 20 au zaidi. Watoto huunga kwa muda mfupi zaidi, na mfupa wao hujinyoosha kiasi ambacho wa mtu mzima hauwezi.

Kazi hii inahitaji damu na utulivu. Damu inaeleweka. Utulivu ndio unaozua mabishano, kwa sababu wingi wake una madhara na uchache wake una madhara. Mtafiti wa Uswisi Stephan Perren, katika miaka ya 1970, alieleza jambo hili kwa vipimo. Tishu changa inayojaza pengo inaweza kuvutika hadi maradufu ya urefu wake isikatike. Gegedu huvumilia kuvutika kwa kama asilimia 10. Mfupa, asilimia 2 tu. Maana yake, pengo likitikisika sana, mwili hauwezi kupanda ngazi kutoka tishu laini hadi mfupa. Ni kama mche wa tumbaku uliotolewa kitaluni: ukitikiswa kila siku baada ya kupandwa, unabaki kijani kwa juu huku mizizi haijashika. Lakini pengo likinyimwa mtikisiko kabisa, mwili hauoni sababu ya kujenga ule uvimbe mgumu. Mtikisiko mdogo unauamsha mfupa, mkubwa unauharibu.

Na mtikisiko ukizidi kwa miezi mingi, hutokea kitu cha ajabu kidogo. Mwili haukati tamaa, unabadili mpango. Ncha za mfupa zinalainika na kuwa mviringo, tishu za nyuzi zinaziba katikati, wakati mwingine hata ute unatengenezwa. Mwili umejenga kiungo pasipokuwa na kiungo. Madaktari hukiita kiungo cha uongo, na hospitali kwa kawaida huuhesabu mfupa kuwa umeshindwa kuunga ukifikisha miezi tisa na miezi mitatu ya mwisho haina maendeleo yoyote kwenye picha.

Mkono uliopita Kwihara

Pengine kiungo cha uongo mashuhuri kuliko vyote kilipita katika njia ya misafara ya Unyamwezi, ingawa wanaowaonyesha wageni tembe la Kwihara huenda hawakitaji. Mwaka 1844, huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, simba alimkamata mmisionari David Livingstone mkono wa kushoto akauvunja mfupa wa juu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa tabibu wa karibu. Mkono ulipona ngozi na nyama, mfupa haukuungana.

Ukipima kwa mizani tuliyoiona, sababu zipo wazi. Meno ya simba yaliufanya mvunjiko uwe wa wazi na wenye vidonda vingi, yaani mlango wa usaha. Mahali penyewe palikuwa karibu na pale msuli mkubwa wa bega unaposhika mfupa, kwa hiyo msuli ulikuwa ukikivuta kipande cha juu kuelekea nje kila mkono uliponyanyuliwa. Damu imeharibika, mtikisiko umezidi. Usingehitaji mganga mbaya ili mfupa huo ushindwe.

Aliishi nao miaka 29. Alivuka bara, akakaa Kwihara na Stanley mwaka 1872, akafariki Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Watumishi wake Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walimkausha na kumbeba, wakafika Unyanyembe Oktoba mwaka huohuo na kukutana na Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike hapo. Walikataa. Mbele ya safari, mahali ambapo wenyeji hawakutaka maiti ipite, waliufunga mwili upya ufanane na mtumba wa nguo, wakaendelea hadi Bagamoyo, Februari 1874. Ulipofika London Aprili 1874, baada ya safari kama hiyo, sura isingemtambulisha mtu. Daktari William Fergusson alitazama mkono wa kushoto, akakuta mvunjiko wa mshazari usioungana, akasema huyu ni Livingstone.

Kisa hiki kina fundisho la kitabibu ambalo mabishano ya mtaani hulisahau. Livingstone aliweza kuishi na kiungo cha uongo kwa sababu kilikuwa mkononi, na mkono haubebi mwili. Kingekuwa kwenye muundi, asingeweza kuvuka bara. Mfupa uleule usioungana ni usumbufu kwa mmoja na ulemavu kwa mwingine, kutegemea mahali. Anayesema "fulani aliponea kwa fundi" bila kutaja mfupa gani, hajasema kitu bado.

Hoja ya fundi

Fundi wa mifupa ana nguvu zisizopaswa kudharauliwa. Yuko karibu, hulipwa kidogo kidogo au kwa kuku na nafaka, na hamtenganishi mgonjwa na nyumbani. Nguvu yake kubwa zaidi ni kwamba anamtembelea mgonjwa. Anafungua banzi kila baada ya siku chache, anatazama, anafunga upya kadiri uvimbe unavyopungua. Hospitali iliyomfunga mtu POP na kumwambia arudi baada ya wiki sita haifanyi hivyo. Tena, banzi huacha viungo vya jirani vikicheza kidogo, jambo ambalo sayansi ya karne ya 20 ilikuja kulikubali. Augusto Sarmiento, daktari mzaliwa wa Kolombia aliyefanya kazi Marekani, alitumia vifungio vyepesi vinavyoruhusu kiwiko na bega vicheze. Katika wagonjwa 620 wa mkono wa juu aliowaripoti mwaka 2000, chini ya asilimia 2 ya waliovunjika bila kidonda walishindwa kuunga.

Wala asili ya fani hii hospitalini si ya kutengana kabisa na mafundi. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyefariki 1891 na ambaye Waingereza humhesabu baba wa tiba yao ya mifupa, alizaliwa katika ukoo wa waunga mifupa wa jadi wa Wales. Baba yake hakuwa na cheti, ndipo akampeleka mtoto kusomea udaktari.

Udhaifu wa fundi uko mahali pawili. Kwanza, hana picha. Mteguko na ufa mdogo vyote kwake huitwa kuvunjika, na vyote hupona, vikaongezwa kwenye sifa zake. Watoto, mtulinga, mkono wa juu usio na kidonda: hii ni mifupa inayounga karibu mikononi mwa yeyote mwenye subira. Anahesabiwa ushindi ambao mwili ungeupata hata bila yeye. Sehemu nyingi za Afrika husimuliwa juu ya fundi anayevunja mguu wa kuku na kuufunga sambamba na wa mgonjwa. Kuku akisimama, mgonjwa naye asimame. Kuku hushika kwa kama wiki tatu. Muundi wa mtu mzima unataka miezi minne. Anayemfuata kuku anauweka mzigo juu ya gegedu.

Pili, ni mkono wake wenyewe. Kukanda mapema hutikisa pengo wakati lisipotakiwa kutikiswa. Kwenye kiwiko, kukanda kwa nguvu kunaweza kuufanya msuli uote mfupa ndani yake, na kiwiko kikakakamaa moja kwa moja. Chanjo za wembe juu ya mvunjiko uliokuwa umefunikwa na ngozi nzima hufungua mlango ambao ajali haikuufungua. Hatari kuliko zote ni banzi iliyokazwa. Misuli ya mkono na ya mguu imefungwa ndani ya mifuko ya nyuzi isiyovutika. Uvimbe ukipanda ndani na kifungo kikikaza nje, damu inasimama. Saa sita zinatosha msuli kuanza kufa. Richard von Volkmann alieleza mkono uliokakamaa kwa sababu hii mwaka 1881, tena akilaumu bandeji za madaktari. Mtoto aliyeanguka mwembeni na kuvunjika juu ya kiwiko yuko hatarini zaidi ya wote, maana mshipa mkuu wa damu ya mkono unapita mbele kabisa ya mahali hapo.

Hoja ya POP

POP ilianza na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwaka 1852. Sifa yake haijabadilika: ni rahisi, huganda haraka, hushika umbo, na haipasui ngozi. Kwa kituo ambacho kina picha na mhudumu mwenye mafunzo lakini hakina chumba cha upasuaji wa mifupa, ni chaguo la busara kwa mivunjiko mingi.

Madhara yake hutokana na sifa hizohizo. Inashika umbo, lakini mguu haushiki umbo: siku za kwanza unavimba na POP inabana, wiki ya pili unanywea na POP inalegea, mfupa ukateleza ndani huku nje pakionekana safi. Ndiyo maana picha ya pili, siku ya saba hadi ya kumi na nne, ni sehemu ya tiba kama ilivyo POP yenyewe. Hapo ndipo Urambo inapoanguka. Mgonjwa wa Usoke au wa ndani zaidi, mwenye nauli ya safari moja, haji kwa picha ya pili, hasa msimu wa kuchuma majani na kukausha kwenye mabani. Anarudi wiki ya nane, mfupa umeunga vizuri kabisa, umepinda. Familia inasema POP imeukunja mguu. Kusema kweli mguu ulipinda wiki ya pili, na hakuna aliyeutazama.

Kusinyaa nako ni gharama halisi. Msuli usiofanya kazi hupungua, kiungo kisichokunjwa hukakamaa, mfupa usiobebeshwa hupoteza uzito kwa kanuni ileile ya Wolff. Madaktari walilibishania hili tangu karne ya 19. Thomas alitaka mapumziko marefu yasiyokatizwa. Mfaransa Just Lucas-Championnière alitaka mwendo na kusuguliwa mapema. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa mifupa aliyoitazama zaidi.

Paja ni habari nyingine. POP haiwezi kulishinda vuto la misuli yake, kwa hiyo pasipo upasuaji mgonjwa hulazwa chali mguu ukivutwa kwa uzito, wiki sita na zaidi. Inafanya kazi. Lakini wiki sita za kitanda ni wiki sita za mtu mwingine wa nyumbani kukaa hospitali akimpikia, na hesabu hiyo haiandikwi kwenye risiti.

Hoja ya vyuma

Gerhard Küntscher wa Ujerumani alianza kupitisha msumari mrefu ndani ya uvungu wa mfupa mwaka 1939. Faida yake kubwa ni kwamba chuma hubeba mzigo wakati mfupa unajiunga, na mtu akatembea mapema, viungo vikicheza, misuli ikifanya kazi. Kwa paja la mtu mzima na kwa muundi uliosogea, njia hii ndiyo inayochaguliwa mara nyingi. Zamani ilihitaji mashine ya picha inayowaka muda wote wa upasuaji. Mwaka 1999 Lewis Zirkle, daktari wa Marekani, alianzisha shirika la SIGN, linalotoa misumari inayofungwa bila mashine hiyo kwa hospitali za nchi zenye kipato kidogo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, imekuwa kati ya zinazoitumia kwa wingi.

Bei yake ni kubwa, na sizungumzii fedha tu. Chuma ni mahali ambapo bakteria hujificha, dawa isiwafikie. Hili ndilo watu wanaloliita chuma kuoza. Chuma cha upasuaji hakiozi. Kinachooza ni mfupa na nyama iliyokizunguka, na kwenye mvunjiko wenye kidonda huenda vijidudu viliingia siku ya ajali, kabla ya chuma. Kuhusu baridi, waliounga bila chuma nao hulalamikia mguu Juni na Julai. Kwa muundi wenye kidonda, jaribio lililofanywa MOI na kuchapishwa 2020 lililinganisha msumari wa ndani na vyuma vinavyotokeza nje ya mguu. Baada ya mwaka, idadi ya waliopata matatizo makubwa haikutofautiana kiasi cha kuamua, ingawa wa msumari wa ndani walikuwa na nafuu wiki za mwanzo na mguu ulionyooka zaidi. Inaelekea kwamba, kidonda kikishafunguka, aina ya chuma ina uzito mdogo kuliko usafi wa kidonda na saa kilizochukua kusafishwa.

Saa ndizo tatizo la hapa. Kutoka Urambo hadi Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni kama kilomita 90, na kesi nzito huendelea Bugando au Muhimbili. Upasuaji unaosifiwa Dar es Salaam unaweza kumfikia mgonjwa akiwa na kidonda cha siku kadhaa. Hapo msumari si ule unaosomwa vitabuni tena.

Tumbaku kidogo

Kuna jambo moja ambalo kambi zote tatu hulipuuza, na katika wilaya hii si dogo. Urambo ilikuwa moja ya maeneo matatu ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango ulipoanguka 1951, ardhi iliyosafishwa ikaingia tumbaku. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na moshi hupunguza oksijeni inayobebwa na damu. Mvutaji anakabiliwa na takriban maradufu ya hatari ya mfupa kutoungana ukilinganisha na asiyevuta. Ushahidi huo ni wa wavutaji, si wa wachuma majani, na haifai kuwatisha wakulima wote kwa pamoja. Lakini mtu anayevuta huku akibishana kama POP ni bora kuliko banzi ameliacha mlangoni swali ambalo jibu lake liko mikononi mwake.

Kupima

Ukiyaweka yote pamoja, ushindani wa fundi na hospitali unabadilika sura. Mvunjiko usio na kidonda, wa mtulinga, wa mkono wa juu, au wa mtoto mbali na kiungo, una uwezekano mzuri kwa banzi iliyofungwa vizuri, kwa POP, hata kwa kitambaa cha kuning'inizia mkono. Hapa vyuma ni gharama isiyo na sababu kwa wengi. Ngozi iliyochanika, paja, muundi uliosogea, mvunjiko unaoingia kwenye kiungo na kiwiko cha mtoto havina mjadala: ni vya hospitali, siku hiyohiyo. Vidole vyeupe, vya baridi au vyenye ganzi, au maumivu yanayopanda kila saa chini ya banzi au POP, vina maana moja popote ulipo: fungua sasa, uliza baadaye.

Inabaki sera. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga na kuwataka wasajiliwe. Wapo wanaoona kumshirikisha fundi ni kumpa cheti cha kuchelewesha wagonjwa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kumfukuza kumekuwa na matokeo yake: watu humwendea usiku, na hospitali huwaona tu wale walioharibika. Nchini Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba baada ya mafundi kupewa mafunzo mafupi, hasa kuhusu hatari ya kukaza banzi, viungo vilivyokatwa kwa kuoza vilipungua. Hawakufundishwa upasuaji. Walifundishwa kutokaza.

Kwa maoni yangu njia hiyo inaifaa Urambo, kwa sharti moja: picha itangulie. Mgonjwa apite hospitali ya wilaya kwanza, aangaliwe neva na damu, apigwe picha, ndipo familia ichague ikijua ni mfupa gani na umevunjikaje. Anayetaka kurudi kwa fundi na mvunjiko mwepesi arudi bila kuficha, akiwa na tarehe ya picha ya pili. Gharama yake ni kwamba baadhi watapotea njiani, na fundi atajisifia kazi ya mwili kama anavyojisifia sasa. Hospitali nayo italazimika kukubali jambo gumu zaidi kwake: kwamba fundi hashindi kwa mafuta wala kwa maneno, anashinda kwa sababu siku ya kumi yuko mlangoni mwa mgonjwa. Mhudumu wa afya wa kijiji mwenye simu na orodha ya waliofungwa POP wiki iliyopita angeweza kuwa mlangoni hapo pia, na miguu mingi inayopinda wiki ya pili ingeonekana ikiwa bado inanyoosheka.